Kampuni Gani Itakuwa Namba Moja? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Wiki mbili zilizopita tulikuwa Awendo kwa siku ya mafunzo ya wateja. Meza yetu tuliiweka karibu na steji ya matatu, na maswali mengi yalikuwa yale yale ya kila siku: nimetuma pesa kwa nambari ambayo si yenyewe, nimesahau PIN, mbona makato yako hivi. Kisha akaja mzee mmoja, mkulima wa miwa kutoka upande wa Sakwa. Hakuuliza kuhusu makato. Alinipa simu yake akasema, "Nyathina, hebu nisomee hii, uniambie kama ni kweli."

Ulikuwa ujumbe kutoka kundi la WhatsApp. Kichwa chake kilisema: "Kampuni 10 zitakazotawala Afrika ifikapo 2035." Ukitaka orodha, unatuma Sh500. Ukitaka wakununulie hisa za ile itakayokuwa namba moja "kabla dunia haijajua", unatuma kuanzia Sh15,000 kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Mzee alikuwa ameshatuma zile mia tano. Malipo yake ya miwa yalikuwa yameingia asubuhi hiyo, na sehemu ya pesa hizo ilikuwa karo ya mjukuu wake.

"Jaduong'," nikamwambia, "keti kidogo tuongee."

Makala hii ni yale tuliyoongea, na mengine niliyoyatafuta baadaye. Kama wewe pia umewahi kutumiwa orodha kama hiyo, au umeona video ya mtu akisema "nunua hii sasa, itakuwa kubwa kuliko zote", endelea kusoma.

Kwanza, "kubwa" maana yake nini?

Nilimuuliza mzee: kampuni kubwa unayoijua ni gani? Hakufikiria hata. "Sony." Na nani atambishia? Kiwanda cha South Nyanza Sugar kimekuwa kikisaga miwa tangu 1979. Ukiwa Awendo unauona moshi, unapishana na matrekta barabarani, na harufu ya molasi unaizoea. Maduka ya mjini yanajua mwezi ambao wakulima wamelipwa na mwezi ambao hawajalipwa.

Lakini ukiitafuta SonySugar kwenye orodha ya kampuni kubwa kwa thamani ya soko, huioni kabisa. Si kwamba ni ndogo. Ni kwamba haijawahi kuuzwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, lile tunaloliita NSE. Karibu hisa zake zote ni za serikali, ambayo mwaka 2025 ilikikodisha kiwanda kwa mwekezaji binafsi. Hisa zisizouzwa sokoni hazina bei ya kila siku, na bila bei hakuna thamani ya soko.

Thamani ya soko ni hesabu ya kuzidisha tu:

Idadi ya hisa zote × bei ya hisa moja = thamani ya soko.

Basi. Haihesabu wafanyakazi, magari, matawi wala urefu wa majengo. Inahesabu watu wako tayari kulipa ngapi, leo, kwa kampuni nzima.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anaona hisa moja ya kampuni inauzwa mamia ya shilingi na nyingine makumi tu, anadhani ile ya mamia ndiyo kubwa. Chukua BAT Kenya na Safaricom. BAT ina hisa milioni 100. Safaricom ina hisa bilioni 40 na ushee. Tuseme hisa ya BAT ni Sh400 na ya Safaricom ni Sh20. Piga hesabu:

- BAT: milioni 100 × Sh400 = Sh bilioni 40
- Safaricom: bilioni 40 × Sh20 = Sh bilioni 800

Ile yenye bei ya chini ndiyo kubwa mara ishirini. Kwa hivyo mtu akikwambia "hii hisa ni rahisi, ni shilingi mbili tu", bado hajakwambia kitu. Muulize: ziko ngapi?

Namba moja hubadilika

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa 1954. Katika miaka ya 2000, kabla ya Safaricom kuingia, majina yaliyokuwa juu ni kama East African Breweries (EABL) na Barclays Bank ya Kenya, ambayo siku hizi ni Absa. Ungemuuliza mtu wakati huo kampuni itakayokuwa kubwa baada ya miaka kumi, pengine angekujibu: bia au benki.

Tarehe 9 Juni 2008, Safaricom ikaanza kuuzwa sokoni. Siku hiyo hiyo ikawa namba moja. Mchezo umeisha? Hapana. Kufikia mwisho wa 2011 hisa yake ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh3. Zidisha mara bilioni 40, unapata kama Sh bilioni 120. EABL, yenye hisa zipatazo milioni 790 na bei ya zaidi ya Sh170, ikawa imeipita. Kampuni ya bia ilirudi juu ya kampuni ya simu, na ikakaa mbele kwa muda kabla ya Safaricom kuiacha tena.

Huko duniani ni vivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, General Electric ya Marekani ilikuwa miongoni mwa kampuni zenye thamani kubwa kuliko zote. Mwaka 2018 iliondolewa hata kwenye kipimo maarufu cha Dow Jones, chenye kampuni 30 tu. Novemba 2007, PetroChina ya mafuta ilivuka dola trilioni moja siku ya kwanza hisa zake zilipouzwa Shanghai. Ilipofika mwisho wa mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya thamani hiyo ilikuwa imeyeyuka. Agosti 2011 Apple ikaipita Exxon Mobil. Kisha Juni 2024, Nvidia ikashika namba moja kwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi Nvidia ilijulikana zaidi na vijana wanaopenda michezo ya kompyuta, kwa sababu ilitengeneza vifaa vya kuifanya picha iwe safi. Vifaa hivyo hivyo vikaja kuhitajika kwa akili bandia, na kampuni ikapaa.

Sasa jiulize: kati ya watu waliokuwa wakiuza orodha za utabiri mwaka 2010, ni wangapi walikuwa wameandika Nvidia juu kabisa?

Unaweza kutabiri vizuri na bado upoteze pesa

Hili ndilo jambo ninaloomba ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. *Kujua kampuni itakayokuwa kubwa zaidi* na *kupata faida* ni vitu viwili tofauti. Mfano mzuri uko hapa kwetu.

Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom kwa umma, hisa bilioni 10, kwa Sh5 kila moja. Uliruhusiwa kuomba kuanzia hisa 2,000, yaani Sh10,000. Wale waliokuwa wakubwa wakati huo wanakumbuka foleni. Watu walikopa. Watu waliuza mali. Maombi yalikuwa mengi kuliko hisa zilizokuwepo, kwa hivyo wengi walipata sehemu ndogo tu ya walichoomba na wakarudishiwa salio.

Tuseme wewe ulibahatika kubaki na hisa zako 2,000. Utabiri wako ulikuwa kwamba Safaricom itakuwa kampuni kubwa kuliko zote Kenya. Ulikuwa sahihi, tena siku ya kwanza. Lakini tazama pesa zako:

- Juni 2008: ulilipa Sh10,000.
- Mapema 2009: bei ilikuwa chini ya Sh3. Hisa zako zilikuwa chini ya Sh6,000.
- Mwisho wa 2011: karibu Sh3. Bado uko kwenye Sh6,000 hivi, zaidi ya miaka mitatu baadaye.
- Agosti 2021: bei ilivuka Sh40. Hisa zako sasa ni zaidi ya Sh80,000, bila kuhesabu migao ya faida uliyopokea katikati.

Kumbe aliyesubiri alipata. Lakini aliyekuwa amekopa kwa benki kununua hakuweza kusubiri. Mkopo hauulizi utabiri wako ni wa mwaka gani. Wengi waliuza kwa hasara ili walipe deni, na walikuwa na utabiri ule ule sahihi kama wa yule aliyesubiri.

Sasa chukua mtu wa pili. Huyu ameingia Agosti 2021, wakati kila mtu anaisifu Safaricom na kampuni hiyo moja peke yake ni zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima la Nairobi. Naye anasema, "Hii itabaki namba moja." Ananunua hisa 250 kwa Sh40, Sh10,000 kamili. Mwisho wa 2023 bei iko karibu Sh14. Hisa zake zinafika kama Sh3,500. Na Safaricom? Ilibaki namba moja muda wote huo! Utabiri wake haukukosea hata siku moja. Pesa zake ndizo zilipungua.

Inawezekanaje? Mzee aliponiuliza hivyo, nilimrudishia swali: "Ukienda mnadani kununua ng'ombe mwenye mimba, unauziwa bei ya ng'ombe mmoja?"

Akacheka. "Hapana. Ndama ameshahesabiwa."

Ndiyo hiyo hiyo. Bei ya hisa hubeba matumaini ambayo watu tayari wanayo. Kama soko zima linaamini kampuni itakua, ukuaji huo umeshawekwa kwenye bei kabla hujafika. Unapata faida kubwa ng'ombe akizaa mapacha, yaani mambo yakiwa mazuri kuliko walivyotarajia wengi. Akizaa ndama mmoja kama ilivyotarajiwa, unapata cha kawaida. Mimba ikitoka, unapoteza, hata kama ng'ombe huyo bado ndiye mkubwa kuliko wote zizini.

Ni nini huinua au kuangusha kampuni kubwa?

Tukitazama miaka ishirini iliyopita hapa Kenya, sababu zinarudi zile zile.

*Malighafi na ushindani.* Mumias Sugar iliingia kwenye soko la hisa mwaka 2001 na kwa miaka kadhaa ilikuwa moja ya hisa zilizopendwa sana na wananchi wa kawaida. Ilikuwa kinara wa sukari nchini. Halafu yakaja sukari ya bei nafuu kutoka nje, uhaba wa miwa, viwanda vingine kugombania miwa hiyo hiyo, usimamizi mbovu na madeni. Bei ya hisa ikaanguka hadi chini ya nusu shilingi. Mwaka 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, iliteua msimamizi wa kuichukua, na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa. Mkulima wa Awendo haelezwi hili mara mbili. Anajua vile mambo yalivyobadilika pale Transmara Sugar na Sukari Industries ya Ndhiwa zilipoanza kutafuta miwa upande huu pia. Kwa mkulima, wanunuzi wengi ni afadhali. Kwa mwenye hisa za kiwanda, ni maumivu.

*Deni.* Kenya Airways iliuza hisa kwa umma mwaka 1996 kwa Sh11.25. Miaka kumi baadaye hisa moja ilikuwa imepita Sh100, na ungecheka mtu akikwambia itaporomoka. Kampuni ikanunua ndege nyingi kwa mkopo, abiria hawakuongezeka kama ilivyopangwa, na katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2015 ikatangaza hasara ya zaidi ya Sh bilioni 25. Uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa Julai 2020 na ukarudi Januari 2025 tu. Fikiria kushindwa kuuza kitu chako kwa miaka minne na nusu.

*Sheria.* Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba za mikopo ilianza kutumika, na hisa za mabenki zikapata kishindo. Novemba 2019 udhibiti huo ukaondolewa. Hakuna mtabiri aliyekaa mwaka 2012 na kuandika tarehe hizo mbili kwenye daftari.

*Pesa za wageni.* Sehemu kubwa ya wanunuzi wa hisa kubwa pale Nairobi ni wawekezaji wa nje. Riba zilipopanda Marekani kuanzia 2022, wengi walirudisha pesa zao kwao. Wakiuza kwa wingi, bei inashuka hata kama kampuni bado inapata faida. Kwa Safaricom, hilo lilikutana na gharama kubwa za kuanza biashara Ethiopia, ambako ilizindua huduma mwaka 2022.

*Kitu kidogo ambacho hakuna anayekiangalia.* Hii ndiyo ya kuinua. M-Pesa ilianza Machi 2007, mwaka mmoja tu kabla ya Safaricom kuuza hisa. Wengi waliopanga foleni 2008 walikuwa wananunua kampuni ya kupiga simu. Huduma ya kutuma pesa ndiyo iliyokuja kuwa nguzo kubwa ya mapato. Vile vile Equity: ilianza 1984 kama chama cha kujengea nyumba, mwaka 1993 ilikuwa karibu kufa, ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004, na Agosti 2006 ikaorodheshwa sokoni. Waliokuwa wakiwacheka wateja wake wenye akiba ndogo ndogo baadaye walifungua akaunti huko huko.

Ukiziangalia sababu hizi tano, utaona nyingi hazikuwa siri. Zilikuwa mambo ambayo bado hayajatokea. Nilimuuliza mzee: "Miwa yako inakaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi. Siku unapanda, huwa unajua bei ya tani siku ya kuvuna?" Akatikisa kichwa. Kama wewe mwenye shamba hujui bei ya miwa yako mwenyewe ya mwaka na nusu, huyu wa WhatsApp amejuaje bei ya kampuni ya mtu mwingine ya miaka kumi?

Lakini si wataalamu hutabiri?

Hutabiri, ndiyo. Wachanganuzi wa hisa wana kazi na si matapeli. Tofauti ni kwamba wanaonyesha hesabu yao. Kwa ufupi, hukadiria vitu viwili: kampuni itapata faida ngapi, na watu watakuwa tayari kulipa mara ngapi ya faida hiyo.

Mfano wa kubuni: kampuni inapata faida ya Sh bilioni 10 kwa mwaka, na soko linalipa mara 5. Thamani yake ni Sh bilioni 50. Faida ikipanda hadi bilioni 12 lakini watu wakaogopa na kulipa mara 3 tu, thamani inashuka hadi bilioni 36. Faida imepanda, thamani imeshuka! Hivyo mtabiri anatakiwa apatie vitu viwili kwa wakati mmoja, na cha pili ni hisia za watu. Ndiyo maana mchanganuzi makini atakwambia "kama hili likitokea, basi lile", tena atabadilisha makadirio yake matokeo mapya yakitoka. Akikuhakikishia, mshuku.

Kuna na hesabu nyingine fupi ya kukulinda. Gawanya 72 kwa asilimia ya ukuaji wa mwaka, utapata miaka inayochukua pesa kuongezeka maradufu. Ukuaji wa asilimia 8 kwa mwaka: 72 ÷ 8 = miaka 9. Wa asilimia 12: miaka 6. Sasa linganisha na "pesa yako mara tatu kwa siku 30". Hata kampuni zilizofika kileleni duniani hazikukua hivyo.

Maswali matano ya kuuliza kabla hujatuma

1. Ana leseni? Madalali wa hisa na wasimamizi wa fedha za uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha yao iko kwenye tovuti ya CMA, na kuitazama ni bure. Jina halipo? Funga mjadala.

2. Pesa inaenda kwa nani? Ukitumwa kwa nambari ya mtu binafsi, hiyo si hisa, hiyo ni zawadi. Hisa halali huingia kwa jina lako kwenye akaunti ya CDS, na unaweza kuuliza salio lako kama unavyouliza la simu.

3. Ameonyesha hesabu? Hisa ziko ngapi, bei ni ngapi, faida ya mwaka jana ilikuwa ngapi. Kampuni zilizoorodheshwa sokoni hutangaza matokeo yao hadharani. Asiyekuonyesha namba anakuuzia hadithi.

4. Amekwambia ni nini kinaweza kuharibika? Umeona Mumias, umeona Kenya Airways. Mtu anayetaja faida peke yake hajakueleza nusu ya habari.

5. Hizi ni pesa za nini? Hili jiulize mwenyewe. Kama ni karo, mbolea, dawa au kodi ya nyumba, jibu ni hapana, hata kama kampuni ni nzuri. Hisa nzuri inaweza kukaa chini miaka mitatu. Shule inafunguliwa muhula ujao.

Na ukitaka kuwekeza kihalali?

Vizuri, na huhitaji kuwa tajiri. Unafungua akaunti ya CDS kupitia dalali mwenye leseni au benki inayotoa huduma hiyo, unaweka pesa, unaagiza. Zamani ulilazimika kununua angalau hisa 100 kwa mkupuo. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, kwa hivyo unaweza kujifunza kwa pesa kidogo, uone bei ikipanda na kushuka bila kukosa usingizi. Kampuni ikitoa mgao wa faida, mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kulipwa.

Usiweke zote mahali pamoja. Kama hujui nani atakuwa namba moja, na sasa tumekubaliana kwamba hakuna anayejua, gawanya kidogo kidogo. Unaweza pia kuingia kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaosimamiwa na kampuni yenye leseni, au kuikopesha serikali kwa kununua dhamana zake. Mwaka 2017 serikali iliwahi kuuza dhamana ya M-Akiba moja kwa moja kwa simu, kuanzia Sh3,000. Mapato yake hayapai kama ya hisa iliyobahatika, ila hutalala ukiwaza Ethiopia.

Na lile la kila siku: hakuna dalali, benki wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili "akuingize kwenye soko". Hakuna.

Ilivyoisha

Zile mia tano za mzee hazikurudi. Nambari aliyotumia tuliiripoti, akaondoka kwenye kundi pale pale, na akalipa karo akiwa bado ameketi kwenye kiti chetu. Kisha akanitazama.

"Kwa hivyo hata wewe uliyesoma chuo kikuu hujui itakayokuwa namba moja 2035?"

"Sijui, Jaduong'."

"Sawa," akasema akisimama. "Angalau wewe hukuniitisha mia tano kuniambia."

*Umetumiwa ujumbe wa uwekezaji na huna hakika nao? Usitume kitu kwanza. Uonyeshe wakala wetu aliye karibu nawe au wapigie huduma kwa wateja. Na tafadhali mtumie makala hii mzazi, shangazi au rafiki ambaye malipo yake ya miwa, ya tumbaku au ya chama yanakaribia kuingia. Makala hii ni ya elimu tu. Si ushauri wa kununua au kuuza hisa za kampuni yoyote iliyotajwa.*